SUKARI YA WATOTO: DAMU INAWEZA KUTUONYA MBELE YA UGONJWA KUFIKA



Ulizo moja linarudi mara nyingi katika dispanseri, zaidi toka kwa wazazi ambao mtoto wao mmoja ana ugonjwa wa sukari. Wanasema: «Huyu wa kwanza tulimfikisha hospitali akiwa hajitambui tena, karibu kufa. Je, wadogo zake nao watashikwa? Hakuna kipimo cha damu cha kutuonya mapema?»

Kipimo hicho kiko. Kinafanywa katika inchi nyingi za ng'ambo, na kimekwisha kuzuia watoto wengi wasifike hospitali katika hali ile. Lakini kina mipaka yake, na kwetu Katanga si rahisi kukipata. Kwa hiyo leo tutafasiri mambo matatu: kipimo kinatafuta nini katika damu; kinaweza kusema nini na hakiwezi kusema nini; na sisi wenyewe tufanye nini nyumbani. Soma polepole, kiisha msomee bibi yako au bwana yako, maana jambo hili linahitaji macho mawili katika nyumba.

SUKARI SI UGONJWA MMOJA

Watu husema «sukari» kana kwamba ni ugonjwa mmoja tu. Kwa kweli ziko aina mbili kubwa.

Aina ya pili ndiyo mnayoiona zaidi. Inashika hasa watu wazima, mara nyingi wale walionenepa na wasiotembea sana. Mwili wao ungali unatengeneza insulini, lakini haifanyi kazi vizuri. Watu hao hutunzwa kwa chakula cha kipimo, mwendo wa miguu na kinini. Wengine kiisha huhitaji insulini.

Aina ya kwanza ni nyingine kabisa. Inashika watoto na vijana, na watu wazima vile vile. Hapa mwili hautengenezi tena insulini, au unatengeneza kidogo mno. Mgonjwa hawezi kuishi bila shindano za insulini. Zamani mtoto wa namna hiyo alikuwa akifa tu, hakuna dawa. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1922, kule Toronto katika inchi ya Kanada, kijana wa miaka 14 jina lake Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza kupata shindano la insulini kwa ugonjwa huu. Aliishi miaka 13 mingine. Leo mtoto anayepata insulini kila siku anaweza kusoma, kuoa au kuolewa, na kuzeeka.

Insulini inafanya kazi gani? Bukari, mkate, viazi na mchele tunavyokula vinageuka sukari katika damu. Sukari hiyo ni kama mazutu ya mashini: inaupa mwili nguvu. Insulini ndiyo ufunguo unaofungua mlango kusudi sukari itoke katika damu na kuingia katika nyama za mwili. Ufunguo ukikosekana, sukari inajaa katika damu na kutoka na mkojo, ikivuta maji mengi. Mtoto anakojoa sana, anakunywa sana, anakula na bado anakonda. Mwili wenye njaa unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na moto huo unaacha asidi katika damu. Asidi hiyo ndiyo inayoua.

ASKARI WANAOPIGA NYUMBA YAO WENYEWE

Insulini inatengenezwa katika kongosho, ambayo wengine huita pankreasi. Iko tumboni, nyuma ya kifuko cha chakula. Ndani yake mna visiwa vidogo sana, karibu milioni moja, visivyoonekana kwa macho matupu. Mjerumani Paul Langerhans aliviona wa kwanza mwaka 1869, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Katika visiwa hivyo mna chembe ziitwazo beta. Hizo tu ndizo zinazotengeneza insulini.

Mwili wetu una askari wake. Kazi yao ni kupiga adui kama vile vijidudu vya surua au vya kifua kikuu. Kati ya vyombo vya askari hao mna vitu viitwavyo kingamwili. Katika karatasi ya labo utaona neno la Kifaransa anticorps. Kila kingamwili inatengenezwa kwa adui mmoja. Aliyeugua surua ana kingamwili za surua katika damu, na munganga akizipata anajua: huyu alikwisha kupigana na surua.

Katika sukari ya aina ya kwanza, askari wanakosea. Wanazitazama chembe beta kama adui na kuzipiga. Ukoo una sehemu yake katika kosa hilo, na mambo mengine ya nje yana sehemu yao. Lakini tuseme wazi: haukuletwa na mama aliyempa mtoto sukari nyingi katika chai. Hauambukizwi kwa kulala kitanda kimoja wala kwa kula sahani moja. Na si ulozi. Usimshitaki shangazi wala jirani kwa jambo ambalo damu ya mtoto yenyewe inaweza kulifasiri.

Vita hivyo havimalizi chembe beta kwa siku moja. Vinachukua miezi, na mara nyingi miaka. Wakati wote huo mtoto anacheza, anakula, anasoma, na sukari yake ni ya kawaida, maana chembe zilizobaki zinafanya kazi ya zile zilizokufa. Lakini katika damu kingamwili za vita hivyo zimekwisha kuonekana. Kingamwili hizo si zenyewe zinazoua chembe beta. Kazi hiyo inafanywa zaidi na askari wengine, chembe nyeupe ziitwazo T. Kingamwili ni kama moshi: haukuunguzi, lakini unakuonyesha pahali penye moto.

NI KAMA KUGONGA DARI YA SHIMO

Ninyi mnaofanya kazi chini ya udongo mnajua desturi hii. Mbele ya kuingia pahali pa kazi, dari inagongwa na chuma kirefu. Jiwe zima linalia vizuri. Jiwe lililoachana na mwenzake linatoa sauti ya utupu, ijapokuwa kwa macho dari inaonekana nzuri. Sauti ile haikuambii saa ya kuanguka. Inakuambia kwamba mle ndani kazi ya kuachana imekwisha kuanza.

Kipimo cha kingamwili ni kugonga dari hiyo. Mwaka 1974, kule London, munganga Gian Franco Bottazzo na wenzake walionyesha kwamba damu ya wagonjwa wengine wa sukari ina kingamwili zinazoshika visiwa vya kongosho. Tangu hapo wataalamu walitafuta ni kitu gani hasa kinachoshikwa. Leo labo hutazama alama nne:

1. Kingamwili zinazopiga insulini yenyewe. Hizi zipimwe mbele ya mgonjwa kuanza shindano, kwa sababu insulini ya shindano nayo inaweza kuleta kingamwili, na kipimo kitadanganya.
2. Kingamwili zinazopiga GAD. Hizi zinaonekana sana kwa wagonjwa watu wazima.
3. Kingamwili zinazopiga IA-2.
4. Kingamwili zinazopiga ZnT8, zilizojulikana mwaka 2007.

Kwa watoto wengi wanaougua mapema, kingamwili za kwanza zinaonekana mbele ya miaka mitatu. Kwa wengine zinakuja nyuma, hata wakiwa watu wazima.

ALAMA MOJA SI SAWA NA ALAMA MBILI

Hapa ndipo penye maana kubwa ya somo letu. Mwaka 2013 wanganga wa Ujerumani, Ufini na jimbo la Colorado katika Marekani waliweka pamoja hesabu ya watoto 13,377. Walichagua watoto ambao ukoo wao au damu yao ilionyesha hatari, na kuwafuata tangu utoto mchanga. Waliona hivi:

– Watoto wasio na kingamwili yoyote: mpaka miaka 15, hata mmoja kwa 100 hakufika, ni karibu 4 kwa 1,000 tu walioshikwa na sukari.
– Watoto wenye aina moja tu ya kingamwili: katika miaka 10, karibu 15 kwa 100 walishikwa.
– Watoto wenye aina mbili au zaidi: katika miaka 10, karibu 70 kwa 100 walishikwa, katika miaka 15, 84 kwa 100.

Angalia tofauti. Mwenye alama moja, mara nyingi hapati ugonjwa; alama hiyo inaweza hata kupotea. Mwenye alama mbili, njia yake imekwisha kuonekana: karibu wote watafika, hawa upesi, wale polepole. Kama ukigonga dari pahali pamoja na sauti ni ya utupu, unaangalia. Ukigonga pahali pawili na sauti ni ileile, unaita mkubwa wa kazi.

Kwa sababu hiyo karatasi moja ya labo haitoshi. Alama ikionekana, damu inatolewa mara ya pili kusudi kuhakikisha. Na damu isiyo na alama leo inaweza kuwa nazo kesho. Wataalamu waliofanya hesabu wanasema watoto wapimwe walau mara mbili, karibu na miaka 2 na karibu na miaka 6. Hata hivyo watabaki wengine watakaopita katika matundu ya wavu.

NGAZI TATU ZA UGONJWA

Tangu mwaka 2015 wanganga wanahesabu ugonjwa huu kwa ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza: kingamwili za aina mbili au zaidi ziko, lakini sukari ni ya kawaida, na mtoto hasikii kitu.

Ngazi ya pili: kingamwili ziko, na sukari imeanza kupanda kidogo. Kwa mfano asubuhi, mbele ya kula, inakuwa kati ya 100 na 125, kwa hesabu ya miligramu katika desilita moja ya damu. Mtoto bado hasikii kitu.

Ngazi ya tatu: sukari imepita mpaka. Asubuhi mbele ya kula ni 126 au zaidi, ao saa yoyote ni 200 au zaidi pamoja na dalili. Hapo ndipo kiu, mkojo na kukonda vinapoonekana, na shindano za insulini zinaanza.

Mnaona basi: ile siku tunayosema «mtoto ameanza kuugua», kwa kweli ndiyo ngazi ya tatu. Ugonjwa ulikuwa ndani ya nyumba tangu zamani.

KUJUA MAPEMA KUNAFAA NINI?

Mtu anaweza kusema: «Kama hamwezi kuzuia, sababu gani kumhangaisha mzazi?» Ulizo hilo ni la akili. Faida ziko mbili.

Faida ya kwanza, na ndiyo kubwa, ni kutofika na asidi. Katika jimbo la Bavaria, Ujerumani, kazi ya kupima watoto wadogo ilianza mwaka 2015. Katika watoto zaidi ya 90,000 wa kwanza, 280 walikuwa na kingamwili za aina mbili au zaidi, ndiyo kusema karibu 3 kwa 1,000. Wazazi wao walifundishwa dalili na namna ya kupima sukari nyumbani. Watoto hao walipofikia ngazi ya tatu, wachache sana walifika na asidi katika damu, chini ya 5 kwa 100. Kati ya watoto wa inchi ile ambao hawakupimwa, ni zaidi ya 20 kwa 100. Mwezi wa tisa mwaka 2023, Italia ilitunga sheria ya kupima watoto wa inchi nzima.

Faida ya pili ni dawa ya kuchelewesha. Inaitwa teplizumab. Inapitishwa katika mshipa kila siku kwa siku 14, na inatuliza zile chembe T. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2019, watu 76 wa ngazi ya pili waligawanywa. Nusu ya waliopewa dawa walikaa miezi 48 au zaidi mbele ya ugonjwa kufika. Kwa wasiopewa, ilikuwa miezi 24. Mwezi wa 11 mwaka 2022 Marekani iliruhusu dawa hiyo kwa watu wa ngazi ya pili wenye miaka 8 na zaidi. Bei yake ni kubwa sana, na si dawa ya dispanseri. Inachelewesha, haiponyeshi. Lakini miaka miwili bila shindano, kwa mtoto na kwa mama yake, si kitu kidogo.

Kuna pia jambo la kuangalia. Mtoto aliyeonekana na alama asinyimwe chakula, asitolewe masomoni, asikatazwe mpira. Hakuna majani, wala mizizi, wala namna ya kula ambayo imeonyeshwa kwamba inazizuia kingamwili hizo. Mtu anayekuuzia dawa ya «kusafisha damu» kwa ajili ya hiyo, anakula franga zako bure.

NA SISI WA AFRIKA?

Hesabu zote tulizotoa mpaka hapa ni za watoto wa Ulaya na Marekani. Hatuwezi kuzivaa kama koti la mtu mwingine bila kutazama kama zinatutosha.

Mwaka 2025 wanganga walitangaza kazi waliyoifanya katika Kameruni, Uganda na Afrika ya Kusini. Walipima watu 894 walioshikwa na sukari katika utoto au ujana, na ambao wanganga waliwahesabu kuwa na aina ya kwanza. Karibu 65 kwa 100 hawakuwa na kingamwili yoyote kati ya zile zinazotafutwa kwa kawaida. Na hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili, wale walionenepa. Inaonekana kwamba katika Afrika yetu kuna vijana wengi ambao insulini yao inapunguka kwa njia nyingine, isiyo vita ya askari.

Maana yake kwetu ni nini? Ni hii: kama siku moja kipimo kinafika katika hospitali yetu, kingamwili zikionekana, tuamini na kufuata mtoto. Lakini zisipoonekana, tusiseme «mtoto huyu hana hatari» na kulala. Na kijana aliyekwisha kuugua, asiye na kingamwili, asiondolewe insulini kwa sababu ya karatasi hiyo peke yake. Munganga atatazama mgonjwa mzima, siyo karatasi tu.

MTUMIKAJI MZIMA NAYE ASIKIE

Mtu wa miaka 30 au 40 anaambiwa ana sukari. Wote wanafikiri ni aina ya pili, anapewa kinini. Lakini yeye ni mwembamba, anazidi kukonda, na kinini hazishushi sukari yake ijapokuwa anazikunywa sawasawa. Wenzake wanasema: «Huyu hafuati masharti, anakula kwa siri.» Wakati mwingine wanamwonea tu.

Kuna watu wazima ambao askari wa mwili wao wanapiga chembe beta polepole. Kingamwili za GAD ndizo zinazowafunua. Katika Uingereza wagonjwa wa sukari waliochunguzwa tangu mwanzo wa ugonjwa walihesabiwa, na hesabu ikatangazwa mwaka 1997. Kati ya wale wa miaka 25 mpaka 34 wenye kingamwili za GAD, 84 kwa 100 walihitaji insulini mbele ya miaka sita kwisha. Kati ya wale wasio na kingamwili, ni 14 kwa 100 tu.

Kwa hiyo, ndugu mtumikaji, kama munganga anakuambia kwamba kinini hazitoshi tena na yapasa kuanza insulini, usikimbie. Insulini si alama ya kifo. Pengine ndiyo dawa uliyoihitaji tangu siku ya kwanza. Mwambie na mkubwa wako wa kazi, kusudi ajue sababu gani unahitaji saa ya kula, na sababu gani isifae ufanye kazi peke yako pahali pa hatari katika siku za kwanza za dawa.

NDUGU WA MTOTO MGONJWA

Tunarudi kwa ulizo la wazazi. Katika hesabu za Ulaya na Marekani, ndugu wa mtoto mwenye aina ya kwanza wanashikwa karibu 5 kwa 100. Kwa watu wasio na mgonjwa katika jamaa, ni chini ya 1 kwa 100. Hatari ni kubwa kuliko kwa wengine, lakini tazama upande wa pili: 95 kwa 100 hawashikwi. Na watoto wengi wanaoshikwa hawana mgonjwa yeyote nyumbani. Kwa hiyo somo hili ni la kila nyumba, si la jamaa moja.

Kama nyumbani mna mashini ndogo ya kupima sukari kwa ajili ya mgonjwa, na ndugu yake akianza kukojoa usiku na kunywa maji mengi, mchome kidole siku ileile. Ikiwa ni 200 au zaidi, njooni hospitali saa hiyo, hata usiku, hata Siku ya Mungu. Msingoje kesho.

DALILI AMBAZO KILA NYUMBA YAPASA KUJUA

Hatuna bado kipimo cha kingamwili katika dispanseri. Lakini tuna macho, na tuna tone moja la damu la kidole. Hayo yanaokoa watu leo. Angalia:

– Mtoto anakwenda kukojoa mara nyingi, mchana na usiku.
– Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Usimpige, mlete.
– Ana kiu isiyokwisha. Anakunywa mpaka maji ya kuoga.
– Anakula vizuri, lakini nguo zinamlegea.
– Amechoka, hachezi tena, hafuati masomo.
– Sisimizi wanakusanyika pale alipokojoa.

Dalili za hatari, zinazosema asidi imekwisha kuingia:

– Anatapika na tumbo linamwuma.
– Anapumua kwa nguvu na kwa haraka kama mtu aliyekimbia, na hali amelala.
– Mdomo wake una harufu kama ya matunda yaliyooza au ya asetoni.
– Analala sana, hajibu vizuri, macho yameingia ndani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watoto wanapotupotea. Mtoto anayetapika, anayepumua haraka na asiyejibu, sisi wote katika Katanga tunasema upesi: malaria. Na mara nyingi ni malaria kweli. Malaria kali inaweza kushusha sukari, na hapo munganga anaweka seromu yenye sukari. Lakini kama mtoto ana asidi ya ugonjwa wa sukari, seromu ileile inaongeza moto. Magonjwa hayo mawili yanafanana kwa macho. Tone la damu linayatenga. Na mtoto mmoja anaweza kuwa nayo yote mawili pamoja.

Kwa hiyo mama, unapomfikisha mtoto mgonjwa sana, mahali popote, sema maneno haya kwa heshima: «Tafadhali munganga, mchome kidole, mpime na sukari, kwa sababu alikuwa akikojoa sana na kunywa sana.» Hakuna muuguzi mwenye akili atakayekasirika. Wewe ndiwe unayejua alikojoa mara ngapi usiku, yeye hajui. Usianzie pia kwa muuza kinini wa sokoni, wala kwa chumba cha maombi, wala kwa majani, ukipoteza siku mbili. Maombi yanaweza kufanywa njiani, mkiwa mnakuja.

Na ninyi wazazi msaidie walimu wajue. Mwanafunzi anayeomba kutoka kila nusu saa asipewe adhabu mbele ya kuulizwa.

MTOTO ALIYE NA INSULINI NYUMBANI

Tukumbushe upesi. Insulini haiachwi hata siku moja, hata mtoto akiwa na homa na hali chakula. Siku hizo ndizo za kupima zaidi na kuja kwetu. Insulini inachukia joto. Kama umeme umekatika, au friji haiko, weka chupa ndani ya mfuko usiopitisha maji, kiisha ndani ya chungu cha udongo chenye maji, pahali penye kivuli na upepo. Isigandishwe kamwe; iliyoganda itupwe. Na kila siku mtoto awe na kitu chenye sukari mfukoni, kwa saa ambayo sukari yake inashuka, anatetemeka na kutoka jasho.

KWA KUKUMBUKA

1. Sukari ya aina ya kwanza inaanza katika damu miezi au miaka mbele ya dalili.
2. Kingamwili za aina mbili au zaidi zinasema ugonjwa unakuja karibu hakika; aina moja tu haisemi hivyo.
3. Kwa Waafrika wengi kingamwili hazionekani, na ugonjwa uko. Damu isiyo na alama si ruhusa ya kulala.
4. Mkojo mwingi, kiu, kukonda: pima sukari siku ileile.
5. Mtoto mgonjwa sana apimwe malaria na sukari pamoja, mbele ya seromu.

Hamgongi dari kusudi mwogope shimo. Mnaigonga kusudi mrudi nyumbani jioni. Vivyo hivyo na damu ya watoto wetu. Mwenye ulizo aje katika dispanseri ya kambi yake. Mlango uko wazi, na kuchoma kidole kunachukua dakika moja tu.

Msaidizi wa munganga, Huduma ya Afya